Jogoo Aliuzwa Mara Nne

Makambako, saa tisa ya usiku, basi lilinitema
na begi moja na shati la mikono mifupi.
Baridi ilinitambua kabla ya watu.
Muuza chai alinipa kikombe, nikamwambia "koshukuru,"
akacheka: "Wewe ni wa wapi, mzee?"
Wa huku huku, nikasema. Wa Makete.
Akaniangalia miguu.
Mtu wa Makete, mwezi wa saba, na kandambili!

Nikadandia lori lililopanda kufuata mbao.
Vilima nilivyoviacha na nyasi
vimevishwa misonobari, mistari mistari, kama daftari la mtoto,
na ukungu unapita ukifutafuta.
Dereva, kijana, alinihesabia bei za magogo.
Nikamuuliza habari za fulani, na za fulani.
"Hao siwajui, baba."
Darasa letu la saba tulikuwa thelathini na mmoja.
Nilihesabu waliobaki kwa vidole,
mkono mmoja ukatosha.

Kaka Yeremia alinivika koti lake la sufu palepale barabarani,
lina harufu ya moshi na mbolea ya viazi.
Akanipeleka kwa mama moja kwa moja:
saruji, msalaba, marumaru za samawati.
Barua ya msiba ilinifikia Nampula siku ya arobaini na tatu,
nikitoka kuzika mtoto wa mtu mwingine.
"Alikungoja," Yeremia alisema.
Hakuongeza. Kwetu neno kama hilo
hutuliwa chini tu, kama mzigo wa kuni,
kila mtu akauzunguka.

Jumapili tatu nilipelekwa usharika kwa usharika
kutoa taarifa. Waliobatizwa: mia mbili kumi na wawili.
Makanisa: matatu, moja la bati.
Makofi. Vigelegele.
Sikuwaambia juu ya miaka miwili ya mwanzo,
watu wanne kwenye mkeka, mmoja wao mimi,
wala usiku niliosali kwa Kikinga
kwa kuwa kwa Kimakua sikujua bado
namna ya kulalamika.
Taarifa haina safu ya mambo hayo.

Tandala, baada ya ibada, mnada.
Jogoo akanadiwa kwa ajili ya "mmisionari wetu."
Mwalimu Mbilinyi akamnunua elfu kumi na mbili, akamrudisha.
Kwaya ikamnunua, ikamrudisha.
Mara nne aliuzwa, jogoo yule yule,
akimkodolea macho kila aliyemshika,
na mimi mbele, kwenye kiti cha wageni,
nikamtazama kama ndugu.

Kisha mjane wa Mzee Luvanda akasimama kwa mkongojo:
"Huko asubuhi mnakunywa nini?"
Watu wakacheka. Hakuna aliyewahi kuuliza.
Uji wa muhogo, bibi, mwepesi.
Na nisipowasha moto mapema, Mwanaasha, jirani yangu Mwislamu,
huja kugonga mlango aone kama ni mzima.
Bibi akatikisa kichwa taratibu.
"Basi una watu," akasema, akaketi.

Nikafunga kwa shukrani, ulimi ukateleza:
"Nitakaporudi nyumbani mwezi wa tisa..."
Kanisa likanyamaza, hata watoto.
Yeremia aliangalia viatu vyake,
miguuni mwangu.

Siku ya kuondoka, shemeji Atukuzwe alinifungia viazi vya mbegu,
nusu debe, kwenye mfuko wa sandarusi.
"Kavipande huko, wapate kutujua."
Joto la kule litavioza kabla havijachipua.
Nilijua. Nikasema ahsante.
Mpakani afisa akafungua mfuko,
udongo mweusi wa kwetu ukamwagika mezani pake.
"Hii nini?"
Nikaanza kuukusanya kwa kiganja, punje kwa punje,
foleni nyuma yangu ikinung'unika.