Mnong'onezaji

Kazi yangu ni kusimama nyuma ya pazia la khanga nane zilizoungwa,
daftari mkononi, tochi nimeivisha soksi,
na kuwarudishia watu maneno yanayowatoka.
Sipigiwi makofi. Sitakiwi kusikika.
Nikisikika, nimeharibu.

Tulitoka Hombolo alfajiri na lori la zabibu,
tumekalia kreti tupu,
jeneza la mchezo tukilishika kwa zamu
lisije likatutangulia Mbande.
Watu wa njiani walivua kofia.
Nyemo, muuguzi wa zahanati, akawapungia mkono.

Mpwapwa, ukumbi wa chuo, makundi sita.
Kibakwe wameleta ngoma na mbuzi wa kweli.
Kongwa wameshonesha mavazi, wote rangi moja, mpaka tukaona haya.
Kondoa wana yule Hawa Ijengo
awezaye kulia kwa jicho moja.
Mwamuzi ametoka mbali, ameketi safu ya nne
na taa ndogo ya kusomea na kalamu mbili.
Kila akiinama kuandika,
sisi huku nyuma tunakufa kidogo.

Mchezo wetu ni wa ndugu watatu wanaogombea shamba la marehemu.
Marehemu ni Chitema, fundi baiskeli.
Hatujafika mbali, vumbi likamwingia puani,
akapiga chafya ndani ya jeneza.
Ukumbi ulicheka hadi bati likaitikia.
Nyemo, mjane wake, hakucheka.
"Hata kufa hukumaliza," akamwambia,
"kama kila kazi uliyoianza."
Hiyo haikuwamo daftarini.

Ikafika zamu ya Sechambo.
Huyu anapima zabibu pale ushirika, mtu wa tarakimu,
na mstari mmoja tu ulikuwa ukimsumbua tangu Juni:
"Baba, mimi ndiye niliyeuza."
Akafungua mdomo. Hamna.
Nikanong'ona: Baba.
Hamna.
Nikasogea hadi khanga ikaniingia menoni:
Baba, mimi ndiye.
Alinisikia. Shingo yake ilinisikia.
Lakini alikuwa akiitazama miguu ya Chitema,
soksi zimetoboka kisigino,
na mkono wake ukaanza kupapasa mfukoni
kama mtu anayetafuta risiti.
Sijui ulipita muda gani. Mbuzi wa Kibakwe alilia nje mara mbili.
Mtoto akauliza, "Amekuwaje?" akafinywa.
Halafu Sechambo akavua viatu vyake mwenyewe,
akamvisha marehemu, kamba akazifunga,
akatoka jukwaani pekupeku
kwa upande usio wake.

Mwishoni mwamuzi akasimama mbele ya watu wote.
Kongwa, alisema, wanapaza sauti bila sababu.
Sisi taa yetu inammulika asiyesema,
na jeneza letu limeandikwa ZABIBU ubavuni.
Kisha akageuza ukurasa.
"Kile kimya. Nani alikiandika?"
Wenzangu wakanitazama mimi, mwenye daftari.
Nikasema, "Kilikuwa kirefu zaidi. Tulikipunguza."
Mungu anisamehe.

Nafasi ya tatu: chupa ya chai na rimu mbili za karatasi.
Sechambo alilala njia nzima, kichwa juu ya jeneza,
miguu mitupu, maana Chitema
alikataa katakata kurudisha viatu.
Sikumuuliza alichokuwa akikitafuta mfukoni.

Nikakiandika kwa penseli, ukingoni:
Kimya. Viatu.

Mwezi uliofuata tukacheza Kibaigwa.
Sechambo alikumbuka kila kitu.
Alinyamaza pale pale, akapapasa pale pale, akavua,
na watu wakaanza kukohoa.
Nami nyuma ya khanga zangu nane
nikapekua kurasa, mbele, nyuma,
nikitafuta neno la kumpa.