Mara Ngapi Usiku

Tulikuwa wanaume tisa na mchezo wenye mke mmoja.
Hakuna aliyetaka kuwa mke.
Kezia, kiongozi wetu, binti wa juzi tu,
akavunja njiti za kiberiti, akazifumbata:
yangu ikatoka fupi.

Basi nikafungwa kilemba cha maua,
mimi Alford, miaka thelathini na mmoja usukani,
dereva wa basi la Chapeltown kwenda na kurudi,
nikapewa sufuria, mwiko, na sentensi moja
ya kumwuliza Hezron, fundi matairi, mume wangu wa jukwaani:
"Umeamka mara ngapi usiku?"

Miezi miwili tulifanya mazoezi
ukumbini, chini ya kanisa, Leeds,
hita ikikohoa kuliko sisi,
mvua ya Februari ikigonga vioo kama mdai.
Hezron hujibu: "Ni chai tu, mke wangu. Chai na baridi."
Nasi hucheka, kila mara, palepale,
kama watu wanaoruka dimbwi wanalolijua.

Hatukumtaja Carlisle.
Kiti chake penye meza ya domino tulikiwekea makoti.
Maradhi aliyaficha vizuri, Carlisle,
hata sisi tuliosoma uso wake kila Ijumaa
tukajua ameshika sita mbili, hilo hatukulisoma;
kilio ndicho kilichomfichua.
Makaburini tulisema: alikuwa mwanamume hasa.
Tulisema hivyo tumebana miguu,
baridi, na vibofu.

Usiku wa onyesho ukumbi ukajaa.
Akina mama wa kwaya, vijana wa kinyozi,
mchungaji na chupa yake ya chai,
na safu ya tatu, koti la kijani hajalivua,
Icilda. Wangu wa kweli. Wa miaka arobaini.

Taa ikawaka. Nikakoroga sufuria tupu.
"Umeamka mara ngapi usiku?"
"Ni chai tu, mke wangu. Chai na ba—"
"Na wewe je, Alford?"

Sauti haikutoka jukwaani.
Kezia akafunua karatasi, akafunua tena,
akitafuta mstari ambao hakuuandika.
Hezron akanitazama kama mtu aliyeibiwa zamu.
Kilemba kilinibana masikio.
Hapo, mwiko mkononi, ndipo nilipoelewa
swali lina uzito gani kwa mwenye kuliuliza:
jinsi alivyolala macho akihesabu
mbao za korido, maji ya choo, kimya baada ya maji,
kisha mimi, narudi shukani na uongo wangu wa chai.

"Tano," nikasema. Kwa sauti yangu, si ya mke.
"Tangu lini?"
"Tangu kabla ya Carlisle."

Palepale pa kucheka, hakuna aliyecheka.
Kisha nyuma, karibu na mlango, mtu nisiyemjua: "Tatu."
"Nne," akasema Hezron, na hilo pia halikuandikwa.
"Mimi naona damu," mzee Eustace, taratibu,
kama anayeuliza bei ya viazi.
Ikawa mnada, mnada wa ajabu,
kila mtu anapandisha na hakuna anayetaka kununua.
Kijana mmoja wa kinyozi akauliza, "Nesi yuko wapi?"
Nesi alikuwepo tangu mwanzo, penye makoti,
na meza ndogo na kalamu moja.
Foleni ikafika ngazini.

Sehemu ya tatu haikuchezwa.
Mpaka leo sijui kama mume yule anapona.

Barua iko mlangoni mwa friji,
Jumanne, saa tatu na robo,
imebanwa na sumaku yenye ramani ya Nevis.
Usiku naamka. Mbao za korido zinalia.
Gizani anauliza, bila kugeuka:
"Ya ngapi hiyo?"
Namwambia.