Agizo la Tisa

Desemba, tarehe ishirini na nane. Moshi mjini.
Studio yangu ni chumba kimoja na feni yenye kikohozi.
Watu wamepanda kwao, wamekula, wamegombana, wamepatana,
sasa wanashuka na picha kwenye simu:
"Mlima ulijificha. Tutolee wingu."

Natoa wingu. Ndiyo kazi siku hizi.
Zamani niliamka alfajiri, kamera shingoni,
nikangoja Kibo avue shuka mwenyewe.
Leo naiandikia akili unde maneno matatu
na mlima unakuja mbio kama mtoto aliyesikia chai.

Mara nyingine unakuja mlima wa watu.
Mwembamba, mkali, theluji hadi magotini,
na Mawenzi hayupo. Imemfuta.
Nadhani imemwona kasoro, jino lililovunjika.
Migomba imeigeuza minazi.
Nyuma ya kanisa imenichorea twiga.
Nacheka peke yangu, naandika upya:
"Migomba, si minazi. Twiga aende zake."

Bi Ndeshukurwa aliingia saa nane mchana,
sweta la kijani, kifungo kimoja,
na mjukuu wake Aikande, mshika simu.
Picha ya Kidia, mbele ya nyumba:
watu kumi na wanne wamejipanga kwa kimo,
wamesogeana, ila mahali pamoja,
kati ya bibi na binti wa mwisho,
pameachwa upana wa mtu
na hakuna aliyekubali kuwa amepaacha.

"Muweke baba mdogo Elirehema," akasema Aikande.
"Hii hapa picha yake ya pasipoti."
Hawakuniambia yuko wapi.
Miaka saba, ndiyo yote niliyosikia.

Agizo la kwanza: akatoka na vidole sita.
La pili: vitano, na shati la kitenge, sare na wenzake.
La tatu: anacheka, mkono begani kwa mama.
Aikande akapiga makofi.
Bibi akavaa miwani, akaisogelea skrini
hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.
"Kijana mzuri," akasema. "Wa nani?"

Feni tu ndiyo iliyojibu.

"Mwanangu hacheki kwa meno ya juu.
Na bega asingenishika. Tuliachana vibaya."
Kisha taratibu, kama anayehesabu chenji:
"Niwekee kiti. Kitupu.
Atakayeuliza nitamjibu mwenyewe."

Nikaandika: kiti kitupu.
Ikaleta kiti, na mtoto juu yake.
Kiti kitupu, bila mtu. Ikaleta paka.
Kiti, hakuna mtu, hakuna kitu. Ikaleta shada la maua,
na hilo bibi alilikataa kwa kiganja, haraka,
kama anayefukuza nzi kwenye maziwa.
La saba, koti.
La nane, mzee mgeni mwenye kofia,
ametulia kana kwamba amelipa kodi.

Kujaza inajua. Kuacha haijafundishwa.

Nikainuka,
nikachukua kiti cha bluu wanachokalia wateja,
cha plastiki, kilichounguzwa mguu na pasi,
nikakitoa nje kwenye mwanga wa saa tisa,
nikakipiga mara moja kwa kamera ya zamani.
Nikakikata ukingo kwa ukingo, kwa mkono wangu,
jasho likinidondokea kwenye kipanya,
nikakipandikiza palepale, upana wa mtu.

Agizo la tisa lilikuwa la kivuli tu:
"Kiangukie kushoto, kama vya wengine."
Hilo ililiweza. Vizuri kunizidi.

Bi Ndeshukurwa aliipokea ikiwa bado ya moto,
akapitisha kidole kwenye mguu ulioungua,
akauliza kiti chenyewe kinauzwa bei gani.
Nikasema hakiuzwi. Akasema vema, kibaki.

Walipokwisha kuvuka barabara ndipo nikakumbuka
wingu sikulitoa.
Lilikuwa limefunika mlima wote, juu ya vichwa vyao,
na hakuna aliyeuliza.