Vibao vya Kambini, Ngezi

Tulipewa vibao arubaini, misumari, na makopo mawili:
nyeupe kwa mwenyeji, nyekundu kwa gugu.

Mpapindi hauna shaka. Hata Mize,
aliyekuja jana na buti za kuazima,
aliupaka nyeupe bila kuuliza.
Mtomondo, miguu majini: nyeupe.
Kifauongo kilijikunja tulipokigusa,
kikajifanya maiti;
tukakingoja kifufuke, tukakihukumu.

Ndago aling'oa moja, akakuta kokwa,
na chini ya kokwa uzi, na kokwa nyingine.
"Hizi," akasema, "zina jamaa wengi kuliko sisi."

Kisha, nyuma ya jiko la kambi,
mkarafuu mchanga. Hakuupanda mtu;
labda ndege, labda gunia lililotoboka.

Uliletwa, nikasema. Kitabuni imo.
Mize kimya.
Ada yake ya skuli, bati la nyumba yao Konde,
mahari ya mamake,
vyote vilianikwa juu ya jamvi.
Brashi ikakauka mkononi mwake.

Usiku, kwa taa ya simu, nachambua suruali:
vishonanguo, thalathini na kitu,
nimevivusha kijito mwenyewe.
Kibao kimebaki kimoja.