Hadubini Moja

Hadubini yetu ni moja, na imenizidi umri.
Ina herufi za dola lililokwisha kufa
na skurubu iliyolegea, nimeifunga kwa uzi.
Hapa Oni, Februari, theluji imepanda hadi dirishani;
jiko la kuni linakohoa kuwashinda wanafunzi.

Vazha kaleta kitunguu cha ghalani kwa bibi yake.
Bandueni ngozi ya ndani, nikawaambia,
ile inayokataa kushikika.
Tone la iodini. Kifuniko juu yake, polepole,
kianze upande mmoja, msifungie hewa,
maana povu la hewa ni duara zuri lenye ukingo mweusi
na kila mwaka yuko anayelichora akaliita kiini.
Mwaka huu ni Gocha.
Kalichora kwa mapenzi, kalitia na kivuli.
Nimeshindwa kumnyima alama zote.

"Mwalimu, ni ukuta wa matofali!"
Ndiyo. Na nyuma ya ukuta kuna utando,
na utando si ukuta, Vazha, andika:
utando ni bawabu,
anajua wa kumpisha na wa kumwacha mlangoni.

Umeme ukakatika, kama kawaida ya Jumanne.
Nikakigeuza kioo cha chini kuelekea nje
na theluji ikatumulikia.

Tukajikwangua mashavu kwa vijiti vya meno.
Tone la buluu. Wakasukumana foleni:
kumbe mtu akitazamwa karibu
ni mayai yaliyopasukia kikaangoni.
"Ukuta uko wapi?"
Hatukupewa. Mti umesimama kwa kuta zake,
sisi tumeazimwa mifupa.

Ndipo Tsira, asiyeuliza kitu tangu Septemba:
"Na mitokondria?"
Zipo. Ndogo mno, hadubini hii haina jicho la kuzifikia.
Kitabu kinaziita jiko la seli.
Nikaongeza, kwa kuwa ndivyo somo lilivyo,
kwamba zote ulizo nazo umezipata kwa mama;
za baba huishia njiani.
Wavulana wakacheka, wakamtazama Gocha, sijui kwa nini.

Tsira hakucheka.
Mama yake yuko Bari, mwaka wa sita sasa,
anamwogesha mzee wa watu, anamlisha supu,
anatuma pesa kila mwezi
na viatu vya saizi ya mwaka jana.

Kengele ikalia. Makoti, kelele, mlango.
Tsira akarudi kwenye hadubini,
akafumba jicho la kushoto, akazungusha ile skurubu
kwa ncha za vidole, asiukate uzi.

Nilijua hakuna atakachokiona.
Naye alijua; nilikuwa nimemwambia.
Akakaza jicho.

Nikatia gogo jingine jikoni,
nikaketi kusahihisha povu la Gocha.