Twita ya Kushoto

Nilianza kwa kuzikosa herufi.
Msomaji wa taarifa ya saa mbili usiku
alisema "erikali", akasema "ule za ekondari",
kama mtu anayeongea ndani ya blanketi,
na matari, ambayo zamani yalimwagika
kama mchele kwenye ungo,
yakabaki kishindo, kishindo, kishindo cha kinu.

Nikasema ni kituo. Nikasema ni mvua.
Nikazungusha antena mpaka ikachoka shingo.
Zamaradi, mwanangu, miaka tisa,
akabandika sikio kwenye kitambaa cha spika ya kushoto:
"Mama, huku juu kumelala."

Jumamosi tukaifunga kwa khanga, tukaita bajaji,
kutoka Tandika mpaka Gerezani nimeipakata,
kilo kumi na moja za mbao na sumaku,
mapaja yamekufa ganzi.

Fundi Kondo hakuuliza niliinunua wapi.
Aliuliza, "Nani aliazima?"
Nikanyamaza. Lakini fundi ni kama daktari wa magonjwa ya aibu,
ukimficha unajichelewesha mwenyewe.
"Shemeji. Bulembo. Walikuwa wanamtoa mwali, Azimio."
"Amplifaya ndogo?"
"Ndogo."
"Akaifungua mpaka mwisho."
"Mpaka kinobu kikagoma."
"Basi. Watu hudhani spika huuawa na mwenye nguvu.
Huuawa na mnyonge anayepiga kelele kuliko uwezo wake."

Skrubu nne. Pamba ya ndani ikatoka
na mende mmoja, mzima, amekasirika.
Akachomoa nyaya, akachukua betri ya tochi,
akaigusisha kwenye wufa: koni ikaruka, kwikwi.
Akaigusisha kwenye twita.

Akarudia.

Kisha mita, mkono mwekundu na mkono mweusi.
"Ikiwa nzima itasoma sita, saba hivi."
Kioo kikaandika 1,
peke yake, pembeni kushoto,
moja ambayo kwa mafundi si namba.
Maana yake: huku hakupitiki.
Na kapasita, mlinzi wa mlangoni,
naye alikuwa amevimba tumbo. Akamng'oa bila maneno.

Ndipo akaifungua twita yenyewe.
Kiwambo cha hariri, upana wa kizibo cha soda,
na shingoni mwake koili,
waya mwembamba kuliko unywele wa Zamaradi.
Nilitegemea masizi, majivu, harufu ya kuungua.
Palikuwa na mkatiko mmoja tu, pale mkia unapochomoza,
pengo ambalo ningelipuuza hata kwenye uzi wa kushonea.
Kwa hilo, mwezi mzima sikuwa na serikali wala shule.

"Ingeungua koili ningekutuma dukani, elfu kumi na nane.
Hii inarudi."
Akakwangua vanishi kwa wembe, pumzi ameibana.
Wagonga mabati wa jirani hawakujali, wakaendelea kugonga.
Tone la risasi. Uzi wa moshi.
Kapasita mpya, kifupi, cha buluu.
Mita: sita nukta mbili.

Akaunganisha redio, akaniacha mimi,
akamwita mtoto. "Njoo unisikilizie."
"Kwani wewe husikii?"
Nikamfinya. Kondo akacheka.
"Miaka thelathini mbele ya spika za watu, bibi.
Mbu ananiuma ndipo najua alikuja.
Kengele ya baiskeli naiona tu, siisikii.
Huku juu na mimi nilishakatika,
na hakuna wembe wa kunikwangua."

Zamaradi akainama. Lilikuwa tangazo.
"Wanasema sabuni."
"Sema tena."
"Sssabuni."
Mzee alitazama mdomo wake, si spika,
ulimi ukigusa nyuma ya meno,
akaridhika kama aliyeona namba kwenye kioo.

Risiti: elfu nane.
Chini yake, kwa kalamu ya risasi, ameandika:
*Asipewe Bulembo.*