Kitufe Kimoja

Mtaa wa Aggrey, saa saba, jua la utosi.
Nina elfu sitini iliyokunjwa mara nne
na karatasi niliyoandika nyumbani:
runinga inchi thelathini na mbili,
tundu moja la nyuma bovu, jingine zima.

Kijana wa dukani anaitwa Mudrikati.
Anavipanga juu ya kioo kama karata.
"Hiki kisanduku, braza, kina kila kitu,
mpira, muvi za Kikorea, redio za dunia nzima."
Rimoti yake ina vitufe arobaini na vinne. Nimevihesabu.
"Hiki kijiti unachomeka nyuma, hakionekani hata.
Na huu waya, kama mfuko umekubana:
simu upande huu, runinga upande ule, elfu kumi na mbili.
Ila mtu akikupigia katikati ya muvi
jina lake mtalisoma nyumba nzima."

Nikacheka. Halafu nikamkumbuka mama.

Mama hasomi maandishi yanayokimbia chini ya picha.
Miaka yote picha zilimjia kwa flashi,
mia tano moja, kutoka maktaba ya Kokusima, Tabata Kimanga,
zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake,
sauti kavu, ya mtu aliyekunywa soda baridi mno,
iliyomwita kila jambazi "huyu fala"
na kila bibi harusi "mtoto wa watu".
Mchina akifungua kinywa, anatoka Mswahili wa Manzese.
Kokusima alifunga mwezi wa Ramadhani.
Pale sasa wanatengeneza kucha.

Nikapiga hesabu nimesimama:
bando la wiki ni kilo mbili za mchele, na halifiki Alhamisi.
Lakini wapangaji tumekubaliana, vyumba sita,
elfu kumi kila chumba, mashine ya intaneti iko kwa Shukurani
kwa sababu yeye ndiye mwenye kabati la kufunga.
Nenosiri ni jina la mbuzi wa mwenye nyumba.

Nikachukua kijiti. Elfu hamsini na tano.
Chenji ikaishia kwenye miwa.

Jioni nikaziba vitufe vya rimoti
kwa plasta ya kidonda, kimoja kimoja,
kikabaki cha katikati, cha mviringo.
"Hiki tu, mama. Mengine niachie mimi."
Akakigusa kwa kidole cha shahada
kama mtu anayepima chumvi.

Picha ikafunguka: theluji, treni, dada mwenye koti jekundu.
Mama kimya. Dakika tano. Kumi.
"Mbona huyu wa kutueleza hajafika?"
"Hayupo, mama. Kuna maandishi."
"Maandishi," akasema, akavuta kanga mabegani,
na sikuwahi kusikia neno likitamkwa
kama jina la mgeni aliyekuja bila kubisha hodi.

Basi nikaanza mimi.
"Anasema... anasema baba yake hajarudi.
Huyu anamwambia, subiri. Yeye anasema, nimesubiri vya kutosha."
"Unachelewa," mama akasema.
"Mwenzio ameshalia, wewe bado unamsalimia."
Nikaongeza mwendo. Nikamwita mkata tiketi fala.
Bega lake likatikisika gizani.

Ndipo kile kiduara kikaja, kikazunguka,
chumba cha tatu wanaangalia mpira, najua,
na dada amegandishwa mlangoni, mguu mmoja hewani.
"Ehe? Ikawaje?"
Sikujua ikawaje.
Nikasema ndani ya treni yumo baba, amezeeka,
anauza karanga, hamtambui mwanawe,
anampimia kikombe, anamwongezea na za juu.

Kiduara kikaondoka. Dada akashusha mguu,
akaingia kwenye behewa tupu.

Mama akaitafuta rimoti kwenye mkeka,
akapapasa plasta mpaka alipokifikia,
akabonyeza. Theluji ikasimama.

"Hao wangoje kwanza," akasema.
"Zile karanga, alilipa?"